Stesheni ya Vigingi

Hanzila, kwa anwani ya duka la Mzee Yahaya, Tunduma
14 Oktoba 1972

Dada Loisi,

Mimi ni mzima, na uzima wenyewe ni wa kujivunia, maana naandika barua hii nikiwa mtumishi wa reli. Usicheke. Najua umeshacheka. Wewe umebeba vyeti mpaka Uingereza kusomea uuguzi, mimi niliachana na shule darasa la tano baada ya mwalimu wa hesabu na mimi kushindwa kuelewana. Lakini leo Mchina mwenye darubini ya miguu mitatu hawezi kupima hata hatua kumi kama Osward Nzunda hajamshikia fimbo. Nikiyumba kidogo, reli yote inapinda mpaka Zambia. Hayo ndiyo madaraka.

Kazi yangu nyingine ni vigingi. Vina rangi nyekundu kichwani. Mchina akinyoosha mkono, mimi napigilia. Jina lake halitamkiki, kwa hiyo namwita Mjomba, naye ameshazoea. Kiswahili chake ni maneno matatu: njoo, piga, basi. Kwa maneno hayo matatu tumetoka nyuma ya Vwawa hadi huku, na hatujagombana.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Chini ya Hanzila, mwendo wa saa moja kwa mguu, kule kwenye majani marefu ambako hata mbuzi hawapendi, tumepigilia vigingi vingi kuliko mahali popote. Kwingine ni mistari miwili inayokwenda tu. Pale ni uwanja mzima, kama viwanja viwili vya mpira, umezungukwa na vigingi pande zote. Nikamwuliza Mjomba, "Stesheni?" Akacheka, akasema, "Basi." Mimi nimeelewa. Treni itasimama pale. Hakuna anayejua isipokuwa mimi na Uchina.

Nimemwambia Baba tuhame mapema, tuwe wa kwanza, na gulio letu la Jumatano tulipeleke huko kabla watu wa Tunduma hawajaamka. Nyumba kumi na mbili, za ukoo na za majirani, zitamfuata akisema ndiyo. Lakini unamjua Baba. Alikuna kidevu weee, halafu akasema: "Loisi yuko huko treni ilikozaliwa. Mwandikie umwulize watu wa huko wanakaa wapi, penye stesheni au mbali nayo. Atakalosema ndilo."

Umeona? Mimi niliyepigilia vigingi sina neno. Wewe unayewapima Wazungu homa ndiye mtaalamu wa reli.

Basi jibu upesi, na ujibu kwa akili. Barua zako bado nazisoma mimi, Jumapili baada ya ibada, uani kwetu, watu wote wamekaa. Mama Roda wa jirani huja na kigoda chake kabisa, na bintiye Roda humpakata mtoto nyuma yake. Nasoma kwa sauti ya mchungaji. Watu husema barua za Loisi ni tamu. Hawajui kwamba nusu ya utamu ni msomaji.

Na huko Malibeki, kama ndivyo panavyotamkwa, usije ukaolewa na mtu ambaye mbwa wake analala ndani.

Ndugu yako, mtumishi wa reli,
Osward


Marlbeck, Uingereza
9 Novemba 1972

Mdogo wangu Osward,

Umenichekesha katika wiki ambayo sikuwa nimecheka. Kazi wodini ni nzito na baridi imeanza kuingia kwenye mifupa. Mwambie Mama ile shali aliyonipa ndiyo blanketi langu la pili.

Swali la Baba nimelifikiria siku tatu kabla ya kushika kalamu. Soma polepole, asikie kila neno.

Mji huu ni mdogo. Una gulio kila Alhamisi, uwanjani katikati ya mji: jibini, viazi, kondoo, viatu vya mpira. Wanasema mfalme alitoa kibali cha gulio hilo miaka mia saba iliyopita. Siku hizo hapakuwa na treni popote duniani. Watu walikuja kwa miguu na kwa punda, kwa sababu hapa pana daraja la mawe na njia tatu zinakutana. Baadaye yakaja magari ya farasi. Nyumba za wageni za zamani bado zina malango marefu ambayo farasi walipitia. Halafu ukachimbwa mfereji wa mashua za makaa. Treni ilikuja mwisho kabisa.

Na sasa Baba asikie hili: treni imeshaondoka. Miaka minane iliyopita walifunga stesheni, wakang'oa reli. Waliojenga maduka yao karibu nayo, nusu wamefunga. Wodini kwangu kuna mzee aliyekata tiketi pale kwa miaka thelathini. Hata leo akisikia kengele ya chai huuliza ni treni ya saa ngapi. Ilikopita reli, watu wanatembeza mbwa. Mimi nikitaka kwenda mji mkubwa nangoja basi, mara tatu kwa siku, na Jumapili halipo. Lakini Alhamisi gulio limejaa kama zamani, kwa sababu daraja lipo na njia tatu zipo.

Hanzila nayo ina njia tatu, ya Msangano, ya Mbebe na ya Vwawa. Wanawake walikuwa wakikutana pale kabla bibi yetu hajazaliwa. Pana chemchemi. Pana mibuni mia tatu ya Baba. Ushauri wangu ni huu: msihame. Ngojeni muone jengo la stesheni kwa macho, lenye paa na mlango. Kigingi bado si stesheni. Treni ikija kweli, saa moja ya kutembea kwenda kuipanda haijamwua mtu.

Na yeyote atakayekwenda kulima huko chini asinywe maji yaliyotuama kabla ya kuyachemsha mpaka yatokote. Hili ni la kazi yangu, nisikilizeni.

Dada yako,
Loisi


Hanzila
17 Desemba 1972

Dada,

Barua ilifika, ikasomwa, ikasifiwa. Uani palijaa mpaka wengine wakakalia kinu. Nilipofika kwa mfalme na miaka mia saba Baba alifumba macho kama anasikiliza zaburi. Mama Roda akauliza kama mfalme huyo bado yupo, nikamwambia yupo, amezeeka tu.

Basi, uamuzi ni kwamba tunahama. Baba ametamka mwenyewe mbele za watu. Usinune. Mzee akishapima neno akalikubali, nani wa kumshika? Amesema wewe umetupa mwanga, na kwamba kumsomesha mtoto wa kike hakukuwa hasara kama ndugu zake walivyodai. Hilo lingekufurahisha hata wewe.

Miti ya kujengea tumeshaikata. Nyumba yetu itakuwa ya kwanza ukitokea kwenye vigingi, hivyo abiria wa kwanza kushuka ataomba maji kwetu. Nimeandaa na kibao chenye neno Stesheni. Mjomba amekiona, akacheka mpaka darubini ikatikisika.

Kuhusu mibuni usijali. Kahawa haina miguu, itatungoja.

Nina haraka, lori la Tunduma linapiga honi.

Osward


Marlbeck
20 Januari 1973

Osward,

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta neno la Baba mwenyewe, silioni. Nilimwambia asihame, nikaeleza sababu, naye anahama na kunishukuru. Mambo hayo mawili nashindwa kuyaweka kwenye kikapu kimoja.

Je, amenikasirikia? Ameona naandika kama mtu aliyesahau kwao? Baba hajawahi kukataa ushauri bila kusema kwa nini. Mwulize, na uandike kama atakavyosema, hata kama ni ukali. Nakuomba.

Mama anasemaje kuhusu chemchemi? Mtapata wapi maji?

Loisi


Stesheni
2 Septemba 1973

Dada Loisi,

Umeona mahali nilipoandikia. Watu wote wanapaita Stesheni, hata makondakta wa Tunduma. Jina limekuja kabla ya kitu chenyewe, lakini hata mtoto hupewa jina kabla ya kuota meno.

Najua uliandika mara mbili nami nikanyamaza. Kazi zilinibana.

Treni imepita. Ilikuwa ile ya kutandika reli, inayotambaa huku ikiweka njia yake mbele yenyewe, na nyuma yake magari yenye vyuma na mataruma ya kuvilazia. Mama Roda alitoka na karanga kwenye ungo. Wanawake walipiga vigelegele. Dereva naye akapiga honi. Tulisimama wote tukingoja isimame, maana tulikuwa tumefagia. Ilipita, Dada. Ikapita taratibu sana, mtu angeweza kuruka akapanda, lakini haikusimama. Sasa wanasema imeshafika mpakani, na huko Tunduma walicheza ngoma. Wazambia wakavuka kuja kutusalimia, "Mulishani, mulishani," kama wao ndio walioijenga.

Itasimama. Hii ni ya kazi tu, ya abiria bado. Pale uwanjani kwenye vigingi vyangu Wachina wamechimba udongo wa kujengea tuta la reli. Wamezidisha kidogo kuchimba. Ni mashimo manne, kila moja ungezamisha kanisa la Hanzila ukaacha msalaba tu. Bila shaka watayafukia ndipo wajenge. Mjomba ameondoka na wenzake kwenda Zambia. Siku ya mwisho nilimwonyesha mashimo nikamwuliza tena, "Stesheni?" Hakucheka safari hii. Akaonyesha upande wa Tunduma, akaonyesha upande wa Vwawa, kisha akaonyesha hapa na kutikisa kichwa. Nadhani alikuwa anaaga.

Kwa hiyo kwa sasa mimi si mtumishi wa reli, ni mstaafu.

Gulio bado halijachangamka. Watu wa Msangano ni wakaidi, Jumatano wanakwenda kulekule Hanzila na kuuziana uwanjani kwetu, mbele ya milango tuliyoifunga. Baba hutembea kwenda kupalilia kahawa anapopata nguvu. Maji tunachota kwenye mashimo, mvua ya mwaka huu iliyajaza. Yana rangi kidogo. Mama tumbo linamsumbua siku mbili hizi, si kitu cha kukuandikia, nashangaa kwa nini nimekiandika.

Huko Malibeki mabasi bado ni matatu?

Osward


Kwa mkono wa Mwalimu Ambilikile, Vwawa
10 Machi 1974

Binti yangu Loisi,

Ni mimi baba yako, Osea. Nimekuja Vwawa kumleta mama yako zahanati, nikakutana na Mwalimu Ambilikile aliyekufundisha. Amekubali kuandika ninavyosema, kwa kuwa Osward nimemwacha nyumbani na wadogo zake.

Mama yako ni mgonjwa tangu masika yaanze. Homa haishuki na tumbo linamwendesha. Hapa wamempa dawa na kusema akizidi apelekwe hospitali kubwa. Watoto watatu wa kule kwetu nao wanaumwa hivyohivyo, mmoja ni mjukuu wa Mama Roda.

Mwanangu, sikuandiki ili kukulaumu. Tulifanya kama ulivyotuambia. Ulisema huko watu wote wanakaa ubavuni mwa stesheni, na kwamba treni haina mahali pake maalumu, husimama pale inapokuta watu. Ulisema tuhame upesi tusichelewe. Barua hiyo Osward alitusomea mara mbili kwa sababu nilimwomba. Tumehama, tumekaa mwaka na zaidi. Treni inapita, haijasimama.

Sasa wakubwa wa wilaya wamekuja na daftari. Kila familia lazima iwe kijijini. Wamesema Hanzila inafaa kuwa kijiji kwa sababu ya chemchemi na njia, na kule Stesheni pia wataandika ikiwa watu wapo. Lakini mwisho wa Juni daftari litafungwa, na kila nyumba itaandikwa pale itakapokutwa. Baada ya hapo hakuna kuhama tena. Wenzangu wanataka kurudi Hanzila na wananingoja mimi. Nimekataa. Nimewaambia mwanangu yuko treni inakotoka, hawezi kunidanganya, labda sisi tumekosa subira.

Nataka uniambie jambo moja tu. Huko kwenu, watu walingoja miaka mingapi kabla treni haijasimama?

Baba yako,
Osea Nzunda

(Loisi, mimi Ambilikile nimeandika kama alivyotamka. Mama yako amedhoofika sana. Nimemweleza baba yako kwamba stesheni zimejengwa Vwawa na Tunduma tu, anasema atangoja neno lako. Wewe ni muuguzi, nadhani umeelewa ni homa gani.)


Marlbeck
2 Aprili 1974

Osward,

Nimepata barua ya Baba iliyoandikwa na Mwalimu. Sasa najua ulichonisomea, yaani ulichonisemea.

Sitaki kukutukana, kwa sababu ukitukanwa huwa unapata la kujibu.

Nijibu haya tu, ndani ya kichwa chako: niliposema wachemshe maji, ulisoma au uliruka? Mama anaumwa homa ya matumbo. Hiyo inanywewa, Osward. Inachotwa kwa ndoo na kuletwa nyumbani. Mimi hapa nawaogesha mama za watu kila asubuhi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, imekunjwa. Ni ya kusoma uani, mbele ya Baba na nyumba zote kumi na mbili. Inasema nilichoandika mwaka juzi na usichokisoma. Inasema stesheni zimejengwa Vwawa na Tunduma, Mwalimu amezithibitisha, na hakuna itakayojengwa kwenye mashimo. Inasema warudi Hanzila kabla ya mwisho wa Juni, na Mama apelekwe hospitali kubwa leo, siyo kesho.

Ningeweza kumtumia Mwalimu akaisome yeye, ikawa imekwisha. Lakini wamezoea kunisikia kwa mdomo wako. Mdomo mwingine ukija ukasema kinyume, Baba ataulizia ni upi ulio wangu, na siku zitapita wakibishana. Kwa hiyo utasoma wewe. Nakala nimeiweka kwenye barua ya Mwalimu, nimemwomba aifungue tarehe kumi na tano Mei.

Usiongeze neno. Usipunguze.

Loisi


Stesheni
6 Mei 1974

Dada Loisi,

Jana nimesoma.

Barua yako niliikuta dukani kwa Mzee Yahaya wiki mbili zilizopita, kwa hiyo ujue nilikaa nayo. Niliivaa ndani ya shati. La Mama sikulingojesha. Siku ileile nilimwomba Mzee Yahaya lori lake, nikamwambia ni amri yako, na safari hiyo ilikuwa amri yako kweli. Akatoa lori na mwanawe Amri akaendesha. Mama alilazwa siku kumi na mbili. Amerudi juzi, yuko mifupa, lakini homa imeshuka. Hayo nimeyatanguliza usiyatafute chini.

La kusoma ndilo lililonishinda. Nilishatunga kichwani nitakachosema. Nilitunga vizuri kabisa: Loisi anasalimu, Loisi anasema mvua ya huko imechelewesha mambo, Loisi anasema rudini Hanzila kwa muda tu, stesheni itatufuata. Tungerudi wote na mimi ningebaki mtu. Mzee Yahaya akaniona nimekaa kwenye magunia naongea peke yangu. Akaniuliza, "Barua ya nani hiyo inayokutoa jasho?" Nikasema ya dada. Akasema, "Ya dada kwako, au ya dada kwa baba?" Akaendelea kupima sukari.

Jana baada ya ibada watu wakakaa. Nilianza kwa sauti ya mchungaji, ikakata kwenye mstari wa pili. Nikamalizia kwa hii nyingine, ambayo sikujua kama ninayo. Nilisoma yote. Nilisoma hata pale ulipoandika, "Osward aliwasomea maneno yake na kuyapa jina langu."

Kisha kijana mmoja akacheka, mzee mmoja akamkanya.

Baba akainua mkono. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Mama Roda akasimama, akachukua kigoda chake. Akasema, "Kwa hiyo Roda wangu amebeba ndoo mwaka mzima kumletea mwanawe ugonjwa kwa ajili ya mdomo wako." Hakupaza sauti. Akaondoka. Yule mjukuu wake, Dada, hakupona. Tulimzika wiki ya Pasaka. Sikujua nitakuandikiaje, ndiyo maana nimeandika hapa katikati.

Nilidhani Baba atanipiga na nilikuwa nimeshajiandaa. Hakunipiga. Aliuliza, "Zile za zamani bado unazo?" Nikasema zipo, zote, kwenye kopo la biskuti. "Lete." Nikaleta. "Anza na ya kwanza kabisa, aliyoandika akiwa melini." Nikaanza. Watu wakaondoka mmojammoja, tukabaki Baba na mimi, na Mama ndani kitandani, mlango wazi ili asikie. Nilisoma mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Ungeona uso wake. Hakujua kwamba mwaka wa kwanza ulilia. Hakujua kwamba uliwahi kufeli mtihani ukaurudia, maana mimi nilisoma umekuwa wa kwanza. Hayo yote nilikuwa nayaruka kwa sababu hayakuwa na raha, na watu walikuwa wametoka kanisani wanataka raha.

Nilipofika kwenye ile ya Novemba, pale pa maji, nikasita. Baba akaona nimesita. Akainuka, akaenda akaufunga mlango wa chumba cha Mama. Akarudi akakaa. "Endelea."

Umeniuliza kama niliruka. Niliruka.

Na usiponiuliza kwa nini nilisema yale ya stesheni, nitakwambia hata hivyo. Nilitaka mara moja tu neno langu lifuatwe na watu wazima. Nikaona lako linafuatwa bila hata wewe kuwepo. Nikalivalisha langu jina lako, likatembea. Sikujua litatembea mpaka wapi.

Leo asubuhi tumeanza kubomoa. Nyumba tisa zinarudi Hanzila, tatu zimekwenda kwa ndugu zao Msangano, hawataki kukaa karibu na sisi. Mimi nabeba boriti. Baba anasema mwisho wa mwezi tuwe tumeezeka. Tangu jana ameniambia maneno mawili: "shika" na "huku."

Ndugu yako,
Osward


Hanzila
20 Oktoba 1974

LOISI MWANANGU

Mimi baba yako. Ninaandika mwenyewe. Niko darasa la kisomo, la jioni, shuleni. Mwalimu amesimama nyuma yangu lakini hanishiki mkono.

Tumeandikwa Hanzila. Nyumba tisa. Mama Roda pia yupo. Bado hasemi na sisi. Mama yako humpelekea kuni, anaziacha mlangoni, anarudi.

Mibuni themanini imekufa. Mingine nimekata vichwa, inachipua. Gulio la Jumatano lipo.

Mama yako amepona. Ila masikio hayasikii vizuri tangu homa ile. Barua yako ya Septemba nimeisoma siku nne. Maneno magumu niliyaruka. Kisha nikarudi nikayasoma. Nilipoimaliza nilikaa karibu na Mama, nikamsomea sikioni kwa nguvu. Majirani walisikia yote. Sasa wanajua unakula viazi kila siku na unatuona usingizini. Si vibaya.

Osward anafanya kazi. Hasemi sana. Watu wa Msangano bado wanamletea barua awasomee, wamezoea. Anawaambia nendeni kwa mzee.

Mimi ninasoma polepole. Wananingoja.

OSEA NZUNDA